Mercedes-Benz 540K: dalili, chanzo, na mahali pa kuanzia

Mwenye 540K akimpigia fundi simu, haanzi kwa kusema plagi zimechafuka au petroli imechacha. Anasema kompresa, ile pampu inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, imekufa. Ndiyo iliyolipa gari herufi K ya jina lake, ndiyo anayoisikia ikilia barabarani, kwa hiyo kila ugonjwa anaubebesha hiyo. Ukimfuata kwa maneno yake utaanza kazi kwa kufungua sehemu ngumu na ghali kuliko zote, ilhali hujapima zile rahisi. Katika gari hili dalili hujitokeza mahali pamoja na chanzo kikawa kwingine kabisa. Ndiyo maana hapa nafuata dalili, sifuati vipuri.

Kwanza gari lenyewe. 540K ilioneshwa Paris mwezi Oktoba 1936, ikarithi nafasi ya 500K ya 1934. Injini ina silinda 8 katika mstari mmoja, valvu ziko juu, kipenyo cha silinda ni milimita 88 na mwendo wa pistoni milimita 111. Ujazo wake ni lita 5.4. Bila kompresa inatoa nguvu farasi 115, kompresa ikiingia zinafika 180. Chesisi zilizotengenezwa ni 419, na bodi nyingi zilijengwa na kampuni yenyewe huko Sindelfingen: Cabriolet A ya watu wawili, B na C za watu wanne, na Spezial Roadster iliyochorwa na Friedrich Geiger. Roadster moja ya 1936 iliuzwa kwa mnada Pebble Beach, California, mwaka 2012 kwa dola milioni 11.77. Silitaji hilo kwa kustaajabu. Nalitaja kwa sababu namba ya injini, namba ya chesisi na hata ubao wa mlango vina bei yake, na kipande cha asili ukikitupa kwenye pipa la chuma chakavu umetupa fedha za mtu.

Kabla ya kushika spana

Uliza gari limelala muda gani, limewekewa petroli gani, na nani alilifungua mara ya mwisho. Swali la mwisho ndilo wenye magari hulikwepa. Kwa zaidi ya miaka 80 magari haya yamepita mikononi mwa mafundi wengi, wengine hodari na wengine wa kubahatisha. Utakuta koili (kifaa kinachopandisha umeme wa cheche) ya gari la miaka ya 1970, waya wa plastiki uliofichwa ndani ya kitambaa ili uonekane wa zamani, jeti za kabureta, yaani vitundu vya kupitishia petroli, zilizopanuliwa kwa kuchimbwa. Mara nyingi unachokitafuta si ubovu wa gari, ni ubovu wa matengenezo. Mercedes-Benz wana kituo cha magari ya kale huko Fellbach, kilichofunguliwa 1993. Mshauri mwenye gari aulizie huko kumbukumbu za kiwandani, ili mjue lilitoka na nini kabla hamjabishana kuhusu kipi ni cha asili.

Injini inazunguka, haiwaki

Sikiliza inavyozunguka. Injini ya lita 5.4 iliyojaa oili nzito ya baridi hula umeme mwingi wa stata, na volti zikishuka mno koili haina nguvu ya kutoa cheche. Gari linatumia volti 12. Pima kwenye koili wakati stata inazungusha. Ikiwa umeme umeporomoka chini ya volti 9, achana na kabureta kwanza. Shughulikia betri, kebo zake, na hasa pale waya wa bodi unaposhika chesisi. Rangi nzuri iliyopigwa juu ya chuma kwenye kiungo hicho imewahangaisha mafundi wengi. Kwangu hiki ndicho chanzo cha kwanza kukishuku katika gari lililotoka kukarabatiwa na kung'arishwa.

Umeme ukiwa sawa, chomoa plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki. Ikiwa imelowa na cheche ipo, petroli inafika ila haifai. Petroli iliyokaa mwaka mzima hunuka kama vanishi, na harufu hiyo hutoki nayo bure: ujue imeacha gundi kwenye jeti na kwenye sindano ya boya linalopima petroli ndani ya kabureta. Petroli ya kisasa yenye ethanoli ina balaa lake pia. Ujerumani E10, petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10, iliingia vituoni 2011, na ethanoli iliyomo hunyonya unyevu wa hewa, hulainisha mpira wa kizamani na kubandua uchafu uliokuwa umetulia kwenye tangi. Weka petroli yenye ethanoli kidogo kadiri inavyopatikana, na mipira yote ya njia ya mafuta iwe ile inayovumilia ethanoli.

Inawaka vizuri, inazima njiani

Hapa kuna magonjwa matatu yanayofanana, na kuyatenganisha si kazi kubwa ukiwa na subira.

Gari likizima baada ya dakika chache, likapumzika kidogo na kuwaka tena, shuku kutu ndani ya tangi. Vipande vya kutu hufuata mkondo wa petroli hadi mdomo wa bomba la kunyonya, huuziba. Injini ikizima, hudondoka chini na njia ikafunguka. Ukisafisha kabureta mara kumi hutaona kitu, kwa sababu ugonjwa uko nyuma ya gari. Jambo la kujaribu kabla ya kushusha tangi: endesha kidogo huku kifuniko cha tangi kimelegezwa. Ikiwa linaendelea bila shida, kilichoziba ni tundu la kupumulia, na matibabu yake ni sindano na pumzi.

Gari likizima kwenye foleni au dakika tano baada ya kuegeshwa likiwa la moto, fikiria petroli inayochemka. Petroli ya leo huvukiza mapema kuliko ile ambayo wahandisi wa Mercedes huko Untertürkheim waliitarajia, na chini ya boneti ndefu iliyofungwa pande zote joto halina pa kwenda. Angalia kama ngao za joto bado zipo, na kama bomba la petroli limerudishwa kwenye njia yake au fundi fulani amelipitisha karibu na eksozi kwa kufupisha kazi.

Ugonjwa wa tatu ni koili au kondensa (kile kikopo kidogo cha mfumo wa cheche) inayokufa ikipata moto. Dalili ni zilezile za petroli kuchemka, na hapa ndipo watu hubadilisha pampu ya petroli nzima bure. Tofauti iko kwenye cheche, nayo lazima uitazame papo hapo gari linapozima, usingoje lipoe. Shika waya wa plagi kwa koleo lenye mpira, usogeze karibu na chuma cha injini kilicho mbali na petroli yoyote, mwenzako azungushe stata. Cheche ya buluu inayolia "ta!" inakwambia umeme ni mzima, rudi kwenye petroli. Cheche ya njano, nyembamba, inayokuja na kupotea, ni kondensa au koili. Kondensa ni kipuri cha bei ya chakula cha mchana, basi anza nayo.

Kompresa

Sasa tufike kwenyewe, na tuanze na jinsi inavyofanya kazi, kwa sababu haifanani na turbo ya gari la leo.

Ni pampu ya aina ya Roots, yenye rota mbili zinazozunguka karibu karibu bila kugusana, imewekwa mbele ya injini. Inaendeshwa kwa gia kutoka kwenye ncha ya krenkshafti kupitia klachi ndogo ya sahani nyingi. Katika mwendo wa kawaida klachi hiyo imeachia na rota zimesimama. Injini inavuta hewa yake yenyewe. Dereva akikanyaga mafuta hadi mwisho, akavuka pale pedali inapogoma kidogo, mambo mawili hutokea pamoja: klachi inashika, na mlango wa kawaida wa hewa unafungwa ili hewa yote ipite kwenye kompresa. Ule mlio mkali uliowafanya watu wageuke barabarani ndipo unapoanza. Ni wa kupita gari jingine au kumalizia mlima, kisha unaachia. Haikuundwa kukanyagwa kilomita nzima.

Jambo la pekee ni kwamba kompresa hii inasukuma hewa kupitia kabureta. Wengi wa zama hizo waliiweka baada ya kabureta, ikavuta mchanganyiko uliokwisha kutengenezwa. Mercedes walisukuma hewa tupu ndani ya kabureta yenyewe. Matokeo yake, kabureta nzima inakuwa ndani ya presha. Chemba ya boya lazima ipate presha ileile, la sivyo petroli haitoki kwenye jeti, na pampu ya petroli lazima iishinde presha hiyo ndipo iingize chochote. Ukishika hilo kichwani, nusu ya dalili zitajieleza.

Unakanyaga hadi mwisho na hakuna mlio wowote. Zima injini, fungua boneti, mwenzako akanyage pedali polepole huku wewe ukitazama nyenzo zote kuanzia pedali hadi klachi. Je, zinafika mwisho wa mwendo wao? Ukiona zimebakisha sentimita moja, inua zulia. Zulia jipya nene, au mkeka wa ziada juu yake, huinyima pedali ule mwendo wa mwisho ambao ndio wenye kazi. Baada ya zulia, angalia viungo vya nyenzo vilivyokauka grisi na skrubu za kurekebishia zilizolegea. Nyenzo zikiwa zinafika na bado kimya, ndipo unaishuku klachi ya kompresa.

Mlio upo ila unapanda na kushuka, nguvu haiji. Klachi inateleza. Sahani zimechakaa, au dereva ana mazoea ya kubana pedali nusu nusu pale pa kugoma. Mkanye. Ama akanyage akamilishe, ama abaki chini ya pale pa kugoma. Katikati pale ndipo sahani zinapoungua.

Mlio ni imara, nguvu haiji. Hewa inatoka mahali. Kwanza tazama kama ule mlango wa hewa ya kawaida unafunga sawasawa, kwa maana ukibaki wazi kidogo, kompresa inasukuma hewa na hewa inarudi nje. Kisha kagua maungio ya bomba kati ya kompresa na kabureta, na gasketi zake. Mstari mweusi wa vumbi lililolowa mafuta kwenye kiungo ni ushahidi wa kutosha.

Nguvu inakuja sekunde moja kisha injini inakohoa na kuishiwa. Hii ni njaa ya petroli, na ni ya hatari kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu hewa nyingi na petroli chache hutoboa pistoni. Pampu yenye kiwambo kilichochoka hutosheleza kabisa mwendo wa kawaida na hushindwa pale tu presha inapopanda kwenye chemba ya boya. Pima presha ya pampu, angalia kichujio, angalia njia inayopeleka presha ya hewa kwenye chemba ya boya. Mpaka umalize, mwambie mwenye gari asiguse kompresa kabisa. Gari linatembea vizuri bila hiyo.

Harufu ya petroli au unyevu kuzunguka kabureta baada ya kutumia kompresa. Kumbuka kabureta iko ndani ya presha: shafti ya kipepeo iliyochakaa, ambayo katika gari jingine ingevuta hewa kidogo tu ndani, hapa inarusha petroli nje. Na eksozi haiko mbali. Gari lisiendeshwe tena kabla hujaweka bushi na sili mpya kwenye shafti hiyo, hata kama mwenye gari ana maonesho kesho asubuhi.

Moshi. Mweusi unaotoka kompresa ikiwa kazini ni petroli kuzidi. Anza na jeti, halafu kimo cha boya. Moshi wa buluu unahitaji uangalie unatoka lini. Ukitoka kompresa ikiingia tu, sili za kompresa zinapitisha oili kwenye bomba la hewa, na ukipangusa ndani ya bomba hilo kwa kitambaa cheupe utaikuta. Ukitoka pale unapoachia mafuta kwenye mteremko, ni gaidi za valvu, yaani mirija inayoziongoza valvu, wala kompresa haihusiki. Ukitoka muda wote, ni ringi za pistoni, na sasa mnaongelea kushusha injini.

Sauti ya kusaga chuma. Zima injini. Rota zimegusana au zinakwaruza nyumba yake, ama kwa beringi kuisha, ama kwa gia zinazozipangilia kulegea. Hakuna kujaribu mara ya pili "kuhakikisha." Na kama sauti ya kuvuma inasikika hata pasipo kukanyaga, klachi haiachii na kompresa inazungushwa safari nzima bila kazi.

Kuhusu majaribio: usikanyage hadi mwisho gari likiwa limesimama gereji. Injini isiyo na mzigo itapanda mizunguko kupita kiasi kabla hujajifunza lolote. Jaribu barabarani, gia ya juu, mwendo wa wastani, sekunde chache tu, na mtu wa pili akiwa na daftari.

Linachemsha

Uliza linachemsha wapi. Likichemsha limesimama na kupoa likienda, hewa haipiti: feni, belti yake, au rejeta iliyojaa wadudu na vumbi nyuma ya ile grili yenye umbo la V. Likichemsha likienda kasi, maji hayapiti: pampu ya maji, rejeta iliyoziba ndani, au blok yenye tope. Injini ndefu ya silinda 8 za mstari ina njia ndefu ya maji, na mchanga na kutu hujikusanya pale mkondo unapopungua. Chukua kipimajoto cha miale, pita taratibu ubavuni mwa blok kuanzia silinda ya kwanza hadi ya nane. Joto likipanda ghafla kuelekea nyuma, huna haja ya rejeta mpya, una haja ya kufungua vifuniko vya maji na kuchokonoa tope.

Taimingi (wakati cheche inapotoka) iliyochelewa nayo huchemsha, na huwa haishukiwi. Gari linakuwa zito, eksozi inakuwa ya moto kupita kawaida, na maji yanapanda. Kwa mafundi wanaohudumia magari ya wakusanyaji huko Ghuba, ongezeni la hali ya hewa: gari lililopangiwa barabara za Ujerumani likipaki dakika ishirini juani linakuwa limeshaanza safari na joto lake kichwani. Hapo si ubovu; ni kuchagua saa ya kuliendesha.

Mlio wa kugonga na presha ya oili

Mlio mwepesi wa haraka unaopungua injini ikipata moto ni tapeti. Chukua fila geji, zile bati nyembamba za kupimia nafasi, rekebisha, maliza. Mlio mzito unaokuja ukiipa injini mzigo na kutulia ukiachia ni beringi za koneti rodi, na injini za zama hizi hutumia beringi za metali nyeupe iliyomiminwa. Katisha umeme wa plagi moja moja. Mlio ukipungua kwenye silinda fulani, umeipata. Mwaga oili kwenye beseni jeupe. Unga unaometameta kama fedha ni metali nyeupe inayobanduka, na gari liishie hapo hapo, lisafirishwe juu ya lori.

Jihadhari na wema wa oili ya kisasa. Injini ambayo haijafunguliwa miaka mingi ina tope kwenye sampu na kwenye vijia. Oili yenye sabuni nyingi hulibandua tope lote kwa mara moja na kulipeleka kwenye mdomo wa pampu. Ama ufungue sampu usafishe kwanza, ama ubaki na oili ya aina iliyokuwamo.

Gia ya kwanza inakwaruza, haiingii

Gari limelala gereji majira yote ya baridi, na sahani ya klachi imeshikana na flaiwili kwa kutu. Usishushe gia boksi. Pasha injini moto hadi ienee joto, zima, tia gia ya juu, inua magurudumu ya nyuma kwa jeki na stendi imara, kisha uwashe huku klachi imekanyagwa na ukanyage breki kwa vipigo vifupi. Mara nyingi inabanduka. Isipobanduka baada ya kujaribu kwa uvumilivu, ndipo mazungumzo ya kufungua yaanze. Mwakani mwenye gari aweke kipande cha mti cha kuibana pedali ya klachi chini gari linapolala.

Breki

Gari lina uzito unaozidi tani mbili na linaweza kufika kilomita 170 kwa saa, likisimamishwa na ngoma zinazoendeshwa kwa mafuta ya breki na kusaidiwa na servo ya vakyumu, kifaa kinachoongeza nguvu ya mguu. Pedali ngumu kama jiwe ni servo. Jaribio lake ni la dakika moja: injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu, ishikilie chini, washa. Ikizama kidogo chini ya mguu, servo inafanya kazi. Isipozama, fuata bomba la vakyumu hadi kwenye valvu ya njia moja. Valvu hiyo ina kazi ya ziada katika gari lenye kompresa: presha ikipanda kwenye manifoldi, isipofunga, mchanganyiko wa petroli unasukumwa upande wa servo.

Pedali inayozama polepole ni masta silinda. Laini, inayopanda ukipampu, ni hewa. Na kuna ugonjwa wa magari yanayolala, breki kutoachia: tembeza gari kilomita tatu bila kugusa breki kwa nguvu, simama, pitisha kiganja karibu na kila ngoma. Ile ya moto ina pistoni ya silinda iliyoshikwa na kutu, au mpira wa bomba uliovimba kwa ndani, unaopitisha mafuta kwenda na kuyakataza kurudi. Mpira huo kwa nje huonekana mzima kabisa.

Linayumba, linakula tairi

Mbele kuna amu mbili kila upande, ya juu na ya chini, zenye springi za koili. Mpango huo ulianza katika modeli 380 ya 1933, wakati wa mhandisi mkuu Hans Nibel. Nyuma kuna ekseli za kubembea: kila gurudumu linapanda na kushuka likiwa limeshikwa katikati, kwenye difu, kwa hiyo pembe ya tairi inabadilika kila gari linapoinuka au kuinama. Ukiingia konani kwa kasi kisha ukaachia mafuta kwa woga, nyuma inainuka, matairi yanajikunja chini na gari linataka kuzunguka. Huo si ubovu na hakuna spana itakayoutibu. Mwambie dereva apunguze mwendo kabla ya kona.

Ubovu ni pale pande mbili zinapotofautiana. Simamisha gari mahali pa usawa, pima kimo cha chesisi kulia na kushoto, tazama magurudumu ya nyuma ukiwa umechuchumaa. Upande mmoja ukiwa chini, springi imechoka. Tairi la upande huo litaisha kwa ndani. Springi zibadilishwe kwa jozi. Na usichukue dawa za watu wa Horch 853, hata kama nalo ni kabrioleti ya silinda 8 ya miaka ileile: Horch la Zwickau lina ekseli ya De Dion nyuma, ambayo magurudumu yake mawili yameunganishwa kwa bomba moja, pembe za tairi zake hazichezi hivyo.

Usukani ukiwa mzito na viungo vikilia, usikimbilie kingipini, pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia. Chesisi ina mfumo wa kujilainisha: unakanyaga pedali, oili inakwenda kwenye viungo kupitia vijibomba vyembamba. Vijibomba hivyo huziba au huvunjika kimyakimya. Kanyaga pedali, pita na tochi kiungo kwa kiungo; kilicho kikavu ndicho kilichonyimwa.

Umeme wa bodi

Taa ya nyuma hafifu, mikono ya kuashiria inayoinuka nusu: kabla ya kulaumu waya, kumbuka bodi hizi zimejengwa juu ya fremu ya ubao, na ubao haurudishi umeme. Vuta waya wa muda kutoka kwenye taa hadi chesisi. Ikiwaka vizuri, umemaliza uchunguzi.

Mlango umeshuka, turubai linavuja

Shika mlango uliofunguliwa kwa ncha yake, uinue taratibu, mwenzako akitazama bawaba. Pini ikicheza ndani ya bawaba, ni pini. Inabadilishwa na mlango unarudi. Lakini kama bawaba imetulia na nguzo nzima inasogea pamoja na mlango, ubao umeoza ndani ya bati. Gonga bati la chini ya nguzo kwa kifundo cha kidole: palipo pazima pana sauti kavu, palipooza panajibu kwa ububu. Usikaze skrubu kubwa zaidi. Itashika wiki moja na kupasua kilichobaki, na seremala wa bodi atakuja kukuta hana hata pa kupimia umbo la zamani.

Maji yanayoozesha nguzo hiyo hutoka juu. Turubai la kabrioleti hizi lina tabaka kadhaa: kitambaa cha nje, pedi katikati, bitana ndani. Likikunjwa likiwa na unyevu, pedi inakaa nao wiki nzima, misumari midogo inashika kutu, na kutu inakula kitambaa kutoka ndani. Ukiona vidoa vya kahawia kwenye mstari mmoja juu ya kioo cha mbele, ni misumari hiyo. Mwaga maji kwa kopo, usitumie mpira wa presha, ukianzia chini kabisa ya dirisha na kupanda taratibu, mtu akiwa ndani na taulo kavu. Pale tone la kwanza linapotokea weka alama kwa chaki, kisha uache turubai likiwa wazi na limenyooshwa hadi likauke kabisa, hata kama mwenye gari ameshafika na ufunguo mkononi.